Swali moja kila asubuhi: namna ya kuendesha chemsha bongo ya miungu na mahekalu ya Roma ya kale

Kando ya mlango wa darasa langu kuna ubao mdogo ambao hautumiki kwa somo lolote. Kila asubuhi, kabla ya mstarini, naandika hapo swali moja. Jioni, kabla wanafunzi hawajaondoka, naandika jibu na maelezo yake. Kuna muhula niliutoa wote kwa miungu na mahekalu ya Warumi wa kale, na nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Waliopata walitazama jibu, wakafurahi, wakaenda zao. Waliokosa ndio waliobaki ubaoni wakisoma maelezo hadi mwisho na kubishana. Tangu hapo, nikitunga swali namfikiria kwanza atakayekosa: ataondoka na nini?

Njia hii inafaa darasani, sebuleni na watoto, au kwenye kundi la WhatsApp la ndugu. Unachohitaji ni dakika kumi za asubuhi, daftari, na moyo wa kutouliza kitu ambacho hujakihakiki.

Hatua ya 1: Nyoosha lugha kwanza

Kwa Kiswahili, "Mungu" kwa herufi kubwa ni Mwenyezi Mungu, na "mungu" kwa herufi ndogo ni yeyote anayeabudiwa na watu fulani. Ishike tofauti hiyo kila siku. Ukianza swali kwa neno hilo, herufi kubwa itajiingiza yenyewe, kwa hiyo anza na neno jingine. Badala ya "Mungu yupi alikuwa wa vita?" andika "Warumi waliamini ni mungu yupi aliyesimamia vita?" Maneno hayo mawili, "Warumi waliamini", yana kazi kubwa. Mzazi mmoja alinijia akiwa na wasiwasi kwamba mwanawe anafundishwa kuabudu sanamu. Nilimpeleka kwenye ubao asome mwenyewe. Hakukuta sentensi inayosema Jupiter hupiga radi, alikuta Warumi waliamini kwamba Jupiter hupiga radi. Akaridhika, na akaondoka na swali la siku ile kichwani.

Kisha amua majina. Warumi waliwalinganisha miungu wao na wale wa Wagiriki, na washiriki wako watachanganya pande hizo mbili tangu siku ya kwanza. Jupiter alilinganishwa na Zeus, Juno na Hera, Minerva na Athena, Mars na Ares, Venus na Aphrodite, Mercury na Hermes, Diana na Artemis, Neptune na Poseidon, Vulcan na Hephaestus, Ceres na Demeter, Vesta na Hestia. Apollo ndiye aliyebaki na jina lake kote kuwili, na hilo peke yake ni swali zuri la siku.

Wanaosoma Biblia ya Kiswahili tayari wanawajua baadhi yao kwa majina ya Kigiriki. Katika Matendo ya Mitume, watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na huko Efeso kunatokea ghasia kwa ajili ya Artemi. Kuna tafsiri za zamani za Kiingereza zilizoweka Jupiter, Mercury na Diana mahali hapo hapo. Ukiuliza, "Artemi wa Waefeso, Warumi walimlinganisha na nani?" mtu anajibu kutokana na kitu alichokisikia tangu utotoni.

Hatua ya 2: Anzia kwenye kalenda iliyo ukutani

Wiki ya kwanza usimpeleke mtu mbali. Anayesema Kiswahili hutaja miungu ya Roma kila mwaka bila kujua. Januari imebeba jina la Janus, mungu wa milango na mianzo, aliyechongwa akiwa na nyuso mbili, mmoja ukitazama mbele na mwingine nyuma. Machi ni mwezi wa Mars. Julai na Agosti ni majina ya binadamu, Julius Caesar na Augustus, lakini Seneti iliwatangaza wote wawili kuwa miungu baada ya kufa, na hekalu la Caesar lilizinduliwa mwaka 29 KK katika uwanja mkuu wa Roma.

Swali ninalolipenda kuliko yote katika wiki hiyo halitaji mungu hata mmoja: "Kwa Kilatini septem ni saba na decem ni kumi. Kwa nini basi Septemba ni mwezi wa tisa na Desemba wa kumi na mbili?" Waache wahangaike nalo kutwa. Jibu ni kwamba mwaka wa zamani wa Warumi ulianza Machi, mwezi wa Mars. Hesabu kuanzia hapo na kila kitu kinakaa sawa.

Mei na Juni ziache, au zishike kwa uangalifu. Wengi watakuambia Mei ni ya Maia na Juni ni ya Juno, lakini Warumi wenyewe walibishana: wengine walisema Mei inatokana na neno la wazee na Juni na neno la vijana. Swali lenye majibu mawili yanayotetewa na watu wa kale wenyewe linaleta ugomvi usiokwisha.

Hatua ya 3: Jihadhari na sayari

Vitabu vingi vya chemsha bongo vya Ulaya vinauliza kuhusu sayari, kwa sababu majina yao ya sayari ni ya miungu wa Kirumi. Ukilitafsiri swali hilo moja kwa moja umeliua. Sisi tunasema Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, majina tuliyoyapata kutoka Kiarabu, na hayana Mrumi ndani yake. Ligeuze: "Sayari tunayoiita Mirihi, Wazungu waliipa jina la mungu yupi wa Kirumi?" Hapo mtu anafikiria wekundu wake, damu, vita, na anafika kwa Mars. Zuhura inampeleka kwa Venus, Mshtarii kwa Jupiter, Zohali kwa Saturn.

Kwa waliosoma Kifaransa, kama ndugu zetu wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda, siku za juma zinatosha kwa maswali manne: mardi ni ya Mars, mercredi ya Mercury, jeudi ya Jupiter, vendredi ya Venus. Siku zetu sisi, nyingi tunazihesabu tu, kuanzia mosi.

Hatua ya 4: Acha sikukuu zao zikupangie ratiba

Tatizo la swali la kila siku ni kuishiwa. Mimi niliishiwa wiki ya tatu. Kilichoniokoa ni kalenda ya sikukuu za Warumi, kwa sababu tarehe nyingi zinajulikana na kila moja ina kisa chake. Tarehe 15 Februari ni Lupercalia, ambapo vijana walikimbia wakiwachapa watu kwa vipande vya ngozi ya mbuzi. Tarehe 21 Aprili ni siku waliyohesabu kuwa ya kuzaliwa kwa mji wa Roma, na ilikuwa pia sikukuu ya wachungaji. Tarehe 23 Agosti ni ya Vulcan, mungu wa moto, na watu walitupa samaki wadogo walio hai motoni. Tarehe 17 Desemba ilianza Saturnalia, siku ambazo watumwa waliruhusiwa kula na kucheza kamari pamoja na mabwana zao.

Mbili zinastahili nafasi zaidi kwa wasomaji wetu. Ya kwanza ni tarehe 23 Februari, sikukuu ya Terminus, mungu wa mipaka. Majirani wa mashamba walikutana kwenye jiwe la mpaka, kila mmoja kwa upande wake, wakalivisha mashada na kutoa kafara pamoja. Warumi walisimulia kwamba hekalu kubwa la Jupiter lilipotaka kujengwa juu ya kilima cha Capitolium, miungu mingine iliyokuwa na madhabahu pale ilikubali kuhama, Terminus akakataa. Jiwe lake likabaki ndani ya hekalu la Jupiter, na paa likaachiwa tundu juu yake, kwa kuwa Terminus hakupaswa kuabudiwa chini ya paa. Uliza: "Ni mungu yupi aliyekataa kumpisha Jupiter?" Aliyewahi kuona ndugu wakigombania bikoni ya shamba ataelewa mara moja kwa nini jamii ya wakulima ilihitaji mungu wa namna hii.

Ya pili ni tarehe 25 Aprili, siku ya Robigus. Huyu walimwomba aepushe ugonjwa wa kutu ya ngano, na mnyama aliyechinjwa alikuwa mbwa. Kutu hiyo ipo mpaka leo. Aina yake moja kali iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 iliitwa Ug99, na wakulima wa ngano wa Kenya wanaijua vizuri.

Hatua ya 5: Kwenye mahekalu, uliza jengo lilifanya kazi gani

Hapa ndipo chemsha bongo nyingi zinachosha. Hekalu fulani lilijengwa mwaka gani? Na nani? Lina nguzo ngapi? Anayejua anajua, asiyejua anabahatisha, na hakuna anayefikiri.

Anza na jambo ambalo sisi, tuliozoea kanisa na msikiti, tunalikosea sote: "Madhabahu ya hekalu la Kirumi ilikuwa wapi?" Karibu darasa zima lilijibu ndani. Ilikuwa nje, mbele ya ngazi. Hekalu lilikuwa nyumba ya mungu na sanamu yake, na watu hawakukusanyika ndani kuomba. Kafara ilifanyika uani, peupe, kila mtu akiona. Ongeza kwamba mahekalu mengi ya Warumi yaliinuliwa juu ya kitako kirefu cha mawe na kuwekewa ngazi upande wa mbele tu, wakati la Kigiriki lilizungukwa na vidaraja pande zote. Ukiwapa picha mbili, wataweza kutofautisha bila kukariri kitu.

Kisha nenda kwenye kazi za pembeni. Hekalu la Saturn, ambalo nguzo zake nane bado zimesimama, ndilo lililohifadhi hazina ya dola. Karibu na hekalu la Juno Moneta ndipo sarafu zilipogongwa, na jina hilo Moneta limezaa neno la fedha katika lugha kadhaa za Ulaya, "money" la Kiingereza likiwa mojawapo. Hekalu la Janus lilikuwa na milango iliyoachwa wazi wakati wa vita na kufungwa wakati wa amani. Augustus alijivunia kwamba katika uongozi wake Seneti iliamuru ifungwe mara tatu, wakati tangu mji uanzishwe ilikuwa imefungwa mara mbili tu. Ukiuliza kwa nini kufunga mlango lilikuwa tukio la kujivunia, umefundisha historia ya dola nzima kwa mlango mmoja.

Lipo pia la Aesculapius, mungu wa uponyaji. Roma ilipopigwa na tauni mwaka 293 KK, wajumbe walitumwa Epidaurus, Ugiriki, wakarudi na nyoka wake mtakatifu. Wakasimulia kwamba nyoka alishuka chomboni kwenye kisiwa cha mto Tiber, na hapo ndipo hekalu likajengwa. Kisiwani humo leo kuna hospitali. Swali lake ni la picha: chora fimbo iliyozungukwa na nyoka mmoja, kama ile ya nembo ya Shirika la Afya Duniani, na uulize ilitoka kwa mungu yupi.

Pantheon lazima ifike, na kwa Pantheon nilikosea. Niliuliza nani aliijenga, nikaweka jibu Marcus Agrippa, kwa sababu jina lake limechongwa kwa herufi kubwa juu ya nguzo za mbele: Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, konsuli mara ya tatu, alijenga. Mwanafunzi mmoja aliandika Hadrian, nikamkosesha. Jioni nilipokaa kusoma vizuri nikakuta yeye ndiye aliye karibu na ukweli. Jengo la Agrippa liliungua. Lililopo lilikamilika wakati wa Kaizari Hadrian, miaka ya 120 BK, naye akaliacha jina la Agrippa pale mbele. Wataalamu walilijua hilo kwa kusoma mihuri iliyogongwa kwenye matofali. Siku iliyofuata niliandika masahihisho ubaoni, nikampa alama yake mbele ya wenzake, na swali jipya likawa: "Jina la Agrippa lipo ukutani. Kwa nini basi tunasema jengo hili si lake?" Swali hilo ni bora mara kumi kuliko la kwanza.

Jengo hilo lina mengine. Kuba lake lina upana wa takriban mita 43, na urefu kutoka sakafuni hadi juu ni huo huo. Mpaka leo ndilo kuba kubwa kuliko yote duniani la zege lisilo na nondo, jambo litakalomshtua fundi yeyote uliye naye kwenye kundi. Juu kabisa kuna tundu wazi, mvua inaingia, na sakafu ina vitundu vya kutolea maji. Mwaka 609 liligeuzwa kanisa, na hiyo ni sababu kubwa ya kusalimika kwake.

Usiishie mjini Roma. Dougga nchini Tunisia kuna hekalu zuri la Jupiter, Juno na Minerva pamoja. Sbeitla, nchini humo humo, kila mmoja wa watatu hao ana hekalu lake, yamesimama bega kwa bega. Baalbek nchini Lebanon, katika nguzo 54 za nje za hekalu la Jupiter zimebaki sita, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 20. Washiriki wakishajua kwamba Kaizari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, ramani yao ya Warumi inabadilika.

Hatua ya 6: Andika swali

Chaguo tatu zinatosha. La muhimu ni kwamba majibu yasiyo sahihi yawe ya ukoo mmoja na lile sahihi. Ukiuliza mungu wa wahunzi na kuweka Vulcan, Mars na Julius Caesar, umewapa jibu. Weka Vulcan, Mars na Neptune. Vizuri zaidi, kila jibu lisilo sahihi liwe kosa ambalo mtu mwenye akili angelifanya, ili maelezo ya jioni yawe na la kusema juu yake.

Mfano: "Milango ya hekalu la Janus ilifungwa lini? (a) Kila usiku, (b) Wakati wa amani, (c) Kaizari akifa." Jibu (a) linavutia kwa sababu ndivyo milango yetu inavyofanya. Jibu (c) linavutia kwa sababu tunajua maombolezo. Sasa una mambo mawili ya kueleza kabla hujafika kwenye (b).

Jumatatu liwe jepesi, Ijumaa gumu. Mara moja moja weka kitendawili. Hadrian alijenga hekalu kubwa la miungu wawili wa kike, Roma na Venus, sanamu zao zikiwa zimepeana migongo. Waambie wasome ROMA kinyumenyume. Wanapata AMOR, neno la Kilatini la mapenzi, na Venus ndiye waliyemwona mungu wa mapenzi.

Hatua ya 7: Hakiki, kisha eleza

Tafuta kila jambo kwenye vyanzo viwili ambavyo havijanakiliana. Halafu jiulize jambo lenyewe ni la aina gani. Kuna masimulizi ya Warumi wenyewe, kama Terminus kukataa kuhama. Haya yaandike kwa "Warumi walisimulia". Kuna tarehe za mapokeo, kama mwaka 509 KK wa kuzinduliwa hekalu la Jupiter pale Capitolium. Hizi ziandike kwa "kwa mapokeo". Na kuna yale ambayo mawe na matofali yanathibitisha. Majina waliyobatizwa magofu nayo yanadanganya. Karibu na Tiber kuna hekalu la duara lililoitwa la Vesta kwa karne nyingi, na leo wataalamu wengi wanalihusisha na Hercules.

Maelezo ya jioni yasizidi sentensi tano. Ya kwanza itoe jibu, zinazofuata ziseme kwa nini na kwa nini si yale mengine.

Hatua ya 8: Alama

Kila mtu aandike jibu lake kabla ya kugusa simu. Jibu sahihi lina alama moja. Sababu nzuri, hata kama jibu si sahihi, nayo ina alama moja. Kanuni hiyo ya pili ndiyo iliyowaingiza kwenye mchezo wale waliokuwa kimya.

Wiki moja kama ilivyoandikwa: wiki ya Vesta

Jumatatu: "Ndani ya hekalu la Vesta Roma hapakuwa na sanamu yake. Palikuwa na nini?" Moto usiozimwa. Vesta alikuwa mungu wa jiko, na mji ulionekana kama nyumba moja yenye jiko moja.

Jumanne: "Mabikira sita waliulinda moto huo. Kila mmoja alihudumu miaka mingapi: 10, 20 au 30?" Ni 30. Kumi ya kujifunza, kumi ya kazi, kumi ya kuwafundisha wadogo. Walichaguliwa wakiwa kati ya miaka 6 na 10, na wasichana wa darasani walikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo.

Jumatano: "Tarehe 9 Juni, sikukuu ya Vesta, mnyama yupi alipumzishwa na kuvishwa mashada?" Punda, kwa sababu ndiye aliyezungusha mawe ya kusagia nafaka. Waoka mikate nao walipumzika.

Alhamisi: "Moto wa Vesta uliwashwa upya mara moja kwa mwaka. Tarehe gani?" Tarehe 1 Machi. Waliokumbuka swali la Septemba walilipata bila kubahatisha.

Ijumaa: "Mahekalu mengi ya Warumi yana pembe nne. Kwa nini la Vesta ni la duara?" Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwamba mshairi wa Kirumi Ovid alisema hekalu la kwanza lilisukwa kwa fito na kuezekwa kwa nyasi, na kwamba wataalamu wengi wanaona humo umbo la vibanda vya kale vya Warumi. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameshaandika kwenye kikaratasi chake: "Kwa sababu jiko la bibi zao lilikuwa kwenye nyumba ya msonge." Nilimpa alama zote mbili, na jioni ile niliandika ubaoni sentensi yake kwanza, ya Ovid ikafuata.